Mbunge wako alipiga kura gani? Vile utatafuta mwenyewe kwa Hansadi

Mjumbe akisimama kwa mazishi aseme "mimi ule mswada niliupinga", hakuna haja ya kubishana naye na pia hakuna haja ya kumwamini, sababu maneno yanayosemwa kwa ukumbi wa bunge la Kenya yanaandikwa kwa rekodi inayoitwa Hansadi na yanawekwa hadharani, na ukiwa na simu na bando ya siku moja unaweza kuyatafuta mwenyewe. Shida ni kwamba watu wengi wakiingia tovuti ya bunge, parliament.go.ke, wanapata mafaili ya PDF yamejaa tele wanachoka wanatoka, alafu wanarudi kwa zile orodha za kuforwadiwa WhatsApp ambazo hakuna anayejua nani alizitunga. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na kutoka saa hii mpaka siku hiyo tutaambiwa mengi, kwa hivyo hebu tupitie hii kitu polepole.

Jambo la kwanza, usianze na jina la mbunge, anza na sheria moja. Ukiuliza tu "mjumbe wangu amefanya nini bungeni" utapotea, lakini ukiuliza "mjumbe wangu alisimama wapi kwa hii sheria iliyonikata mshahara ama iliyopandisha bei ya kitu fulani" unajua mahali pa kutafuta. Chagua ile iliyokugusa wewe. Hapa nitatumia Mswada wa Fedha wa 2024 sababu kila mtu anaukumbuka na sababu kura zake zilihesabiwa, na hiyo ya kuhesabiwa utaona mbele ni muhimu kuliko vile watu wanadhani.

Alafu jua ni bunge gani unaongelea. Bunge la Kitaifa lina viti 349, wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa, Spika yuko juu ya hao na yeye hapigi kura. Seneti ni kivyake na viti 67. Mswada wa fedha haufiki Seneti kabisa, katiba inaweka mambo ya kodi kwa Bunge la Kitaifa peke yake, kwa hivyo ukimwandama seneta wako na 2024 unamwonea bure, muulize mambo ya kaunti. Na ukiingia huko Seneti ujue pia kura nyingi zinazohusu kaunti zinapigwa kwa ujumbe wa kaunti, yaani kila kaunti kura moja, 47 jumla, inayopigwa na yule seneta aliyechaguliwa ama mwenzake wa ujumbe huo aliyepewa ruhusa kwa niaba yake, sio kila seneta na kura yake. Halafu usisahau una watu wawili Bunge la Kitaifa, mbunge wa eneo lako na mwakilishi mwanamke wa kaunti yako, huyu wa pili watu humsahau kabisa wakihesabu nani alipiga nini na kura yake ina uzito ule ule.

Sasa hatua za mswada, na hapa ndo wajanja hucheza na maneno. Kusomwa mara ya kwanza hakuna kura, ni kichwa tu kinasomwa mswada unaenda kwa kamati, na kamati ndo inachukua maoni ya wananchi. Kusomwa mara ya pili ndo mjadala wenyewe, hapo wanaamua kama wanakubaliana na wazo lote la mswada. Baadaye bunge linakaa kama kamati ya bunge nzima, wanapitia kifungu kwa kifungu na kubadilisha. Mwisho ni kusomwa mara ya tatu, ikipita hapo inaenda kwa rais, ama Seneti kwanza kama inahusu kaunti. Kwa hivyo mtu akikwambia "nilipiga kura ya la" muulize hatua gani, sababu inawezekana alisema la mara ya pili na siku ya mara ya tatu hakuonekana, ama kinyume chake.

Angalia 2024. Tarehe 20 Juni, kusomwa mara ya pili, waliounga mkono walikuwa 204 na waliopinga 115. Tarehe 25 Juni, mara ya tatu, ikawa 195 kwa 106. Ukijumlisha utaona ile ya kwanza ni watu 319 na ile ya pili ni 301. Pande zote mbili zilipungua watu tisa tisa. Kwa viti 349 maana yake tarehe 25, siku yenye nchi nzima ilikuwa barabarani, kuna viti 48 ambavyo havikuhesabiwa upande wa ndio wala upande wa la. Kwa hivyo maswali ya kumuuliza mjumbe wako sio moja, ni mawili, ulikuwa wapi tarehe 20 na ulikuwa wapi tarehe 25, na kwa kila moja jibu linaweza kuwa ndio, la, alijizuia, ama hakuwepo. Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni na mswada ukaanguka, lakini kuanguka kwake hakufuti kura ya mtu yeyote, iko kwa rekodi mpaka leo.

Na tuwe wa haki pia. Kabla ya ile kura ya tarehe 20, kamati ya fedha ilikuwa ishatangaza kwamba inaondoa vitu kadhaa, kama ile VAT ya 16% ya mkate na ile kodi ya 2.5% ya magari. Mjumbe akisema "niliunga mkono sababu ya mkate walikuwa washatoa", hilo si uongo, mkate ulikuwa umetolewa kweli, sasa unamuuliza kuhusu vile vifungu vingine vilivyobaki. Ndo maana nasema usome ripoti ya kamati pamoja na mswada wenyewe, manake mswada uliochapishwa mwanzo na ule uliopigiwa kura mwisho huwa si kitu kimoja, na watu wengi hupiga kelele kuhusu kifungu ambacho kilishatolewa kitambo alafu mjumbe anawashinda kwa hoja ndogo hiyo na yale makubwa yanapita.

Sasa tuje kwa kitu ambacho kitakuvunja moyo kidogo. Maamuzi mengi ya bunge yanapitishwa kwa kura ya sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanapiga kelele, wanaopinga wanapiga kelele, yeye anasikiliza anatangaza upande gani umeshinda, na hakuna jina hata moja linaloandikwa. Hakuna. Kwa mswada wa namna hiyo hata ukitafuta mwaka mzima hutapata orodha ya nani alisema nini, na mtu akikuletea orodha ya majina ya kura ya sauti ujue ametunga. Ili majina yaandikwe lazima kura igawanywe, na kwa Bunge la Kitaifa hiyo huja wabunge angalau 30 wakisimama kuidai, ama jambo lenyewe likiwa linahitaji idadi maalum kama theluthi mbili, mfano kubadilisha katiba ama kumng'oa naibu wa rais. Ile ya kumng'oa naibu wa rais Rigathi Gachagua tarehe 8 Oktoba 2024 ilipita 281 kwa 44, na hapo kila mtu anajulikana alisimama wapi. Kwa hivyo kabla hujaanza kutafuta jina, tafuta kwanza kama kura iligawanywa ama ilikuwa ya sauti. Na ukipata sheria nzito ilipita kwa sauti, hilo lenyewe ni swali la kumpelekea mjumbe wako, haswa kama yeye anajiita wa upinzani, mbona hamkusimama 30?

Haya, kutafuta kwenyewe. Kwa tovuti ya bunge ingia upande wa Bunge la Kitaifa, kuna aina mbili za faili unazotaka. Moja ni Hansadi, hiyo ni neno kwa neno, ndefu. Nyingine inaitwa Votes and Proceedings, hiyo ni fupi, inaandika tu kilichoamuliwa siku hiyo. Anza na hiyo fupi, ikikuonyesha mswada wako ulifika hatua fulani siku hiyo ndo ufungue Hansadi ya siku hiyo hiyo. Kwa kawaida bunge hukaa Jumanne mchana, Jumatano asubuhi na mchana, na Alhamisi mchana, kwa hivyo Jumatano ina Hansadi mbili, angalia usifungue ya asubuhi ukatafuta kitu cha mchana ukasema hakipo. Vikao maalum navyo vinaweza kuwa siku yoyote.

Ukishafungua faili usisome yote, tumia ile alama ya kutafuta. Na hapa nitakaa kidogo sababu ndo watu hukwama. Kwa Hansadi ya Bunge la Kitaifa, mtu akianza kuongea huandikwa jina lake, alafu kwa mabano eneo bunge lake na chama, mfano Hon. Kimani Ichung'wah (Kikuyu, UDA). Majina yanachanganya, kuna wabunge wenye jina moja, kuna wenye kuandikwa hivi leo na vile kesho, lakini eneo bunge ni lile lile, kwa hivyo tafuta kwa eneo bunge, weka ule mabano wa kufungua na jina la eneo. Ukitafuta kwa jina na lina ile alama ya juu kama Ichung'wah ama Wetang'ula, andika nusu tu, "Ichung" ama "Wetang", sababu alama ya kwa simu yako inaweza kuwa tofauti na ya kwa faili na simu itakwambia hakuna kitu. Mwakilishi mwanamke atakuwa na jina la kaunti. Kama kura iligawanywa, ruka moja kwa moja utafute neno "AYES" alafu "NOES" alafu "ABSTENTIONS", majina yanafuata hapo, na hapo utatafuta kwa jina sio eneo, jaribu majina yake yote moja moja. Usipompata kwa orodha yoyote kati ya hizo, hakupiga kura.

Kama ni kura ya sauti, rekodi uliyo nayo ni mjadala. Wabunge wakisimama kuongea kwa kusomwa mara ya pili wengi huanza ama humaliza kwa kusema wanaunga mkono ama wanapinga, kwa hivyo tafuta "I support" na "I oppose", na usisahau "naunga mkono" na "napinga", sababu katiba inaruhusu Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara bungeni na mtu akiongea Kiswahili Hansadi inaandika Kiswahili. Kuna wabunge haswa wa Pwani ambao ukitafuta kwa Kiingereza pekee utadhani hawajawahi kufungua mdomo. Ukimpata akiunga mkono kwa hotuba, hiyo bado sio kura, lakini ni maneno yake mwenyewe na siku na ukurasa, hawezi kuyakana.

Faili zingine za zamani ni picha za kuskaniwa, kutafuta hakutafanya kazi, itabidi macho. Na ukiwa na shaka na kilichoandikwa, vikao viko pia kwa YouTube ya bunge, tafuta tarehe hiyo usikie sauti yake.

Nirudi kwa hii ya kutokuwepo sababu naiona ndo watu tunaipuuza na ndo imetuumiza. Tarehe 27 Februari 2019 kulikuwa na mswada wa kubadilisha katiba ili ile kanuni ya theluthi mbili ya jinsia itimie, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge. Ulihitaji kura 233. Waliosema ndio walikuwa 174. Waliosema la walikuwa wachache sana, wa kuhesabu kwa vidole, kwa hivyo mswada haukuuliwa na waliopinga, uliuliwa na ambao hawakuingia ukumbini. Kwa jambo linalohitaji theluthi mbili ya wabunge wote, mtu kukaa kwa kantini ni sawa kabisa na kupiga kura ya la, tofauti ni kwamba jina lake halionekani kwa orodha ya waliopinga na anaweza kurudi nyumbani aambie akina mama kwamba yeye hakuwa na shida na wao. Kwa hivyo ukisoma orodha yoyote ya kura, soma na wasiokuwepo. Kuna wenye sababu, mgonjwa, ako safari ya kikazi, msiba, na ni haki kumuuliza kabla ya kumhukumu, lakini muulize.

Kuhudhuria kwa jumla ni kitu kingine. Katiba kifungu cha 103 inasema mbunge akikosa vikao vinane kwa kipindi kimoja cha bunge bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa Spika na bila maelezo ya kuridhisha kiti chake kinakuwa wazi. Hansadi haiwezi kukuonyesha hiyo vizuri, mtu anaweza kuwa ameketi tu kimya na asiandikwe popote. Kwa hivyo ukikosa jina lake kwa mjadala usikimbilie kusema hakuwepo, sema hakuongea. Ni tofauti kubwa na ukikosea hapo ataitumia kukunyamazisha.

Kamati ndo mahali pengine ambapo kazi nyingi inafanyika na watu hawaangalii. Mtu anaweza kuwa kimya kwa ukumbi mkubwa lakini kwa kamati ni moto, na kuna wengine ni kinyume. Jinsi ya kujua ni kufungua ripoti ya kamati, usisome mbele, nenda nyuma kabisa kwa viambatisho. Hapo kwa kawaida kuna karatasi ya wanakamati waliotia sahihi kukubali ripoti, na kuna kumbukumbu za vikao zenye majina ya waliohudhuria na walioomba radhi. Ukichukua ripoti kadhaa za kamati moja ukaziweka pamoja utajua nani huenda kazini, na pia nani alitia sahihi ripoti alafu akaja kuipinga mbele ya kamera. Kwa maoni yangu hii ndo rekodi tamu kuliko zote na ndo inayosomwa na watu wachache zaidi.

Miswada yake mwenyewe pia ni rahisi kuangalia. Kila mswada una jina la mwenye kuuleta mwishoni, baada ya yale maelezo ya madhumuni. Usishangae kuona jina la kiongozi wa wengi kwa miswada mingi ya serikali, hiyo ni kazi ya cheo chake. Ya mbunge wa kawaida ukipata, fuata ilifika hatua gani, kuna mingi husomwa mara ya kwanza ikalala hapo na bunge likivunjwa inakufa nayo, na mjumbe bado anaitaja kwa kampeni kama amebadilisha nchi. Mwulize ilifika wapi.

Kuna Mzalendo, shirika lililoanza 2005 kufuatilia wabunge, wana tovuti yenye kurasa za kila mbunge na hotuba zake kutoka kwa Hansadi, na kila mwaka hutoa orodha ya walioongea zaidi na walionyamaza. Nawaheshimu sana na kama huna muda anzia huko, itakuokolea masaa. Ila soma ujue inapima nini. Kuhesabu mara ngapi mtu ameongea haikwambii aliongea nini ama alipiga kura gani, na mtu anayesimama kila siku kwa hoja ndogo za nidhamu anaweza kuonekana mchapa kazi kuliko yule aliyebadilisha kifungu kimoja kikaokoa watu pesa. Itumie kupata tarehe na hotuba, alafu ufungue Hansadi yenyewe.

Na madarasa, barabara, basari, hiyo weka kando kabisa ukifanya hii kazi. Pesa za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni za umma, na hata zikitumiwa vizuri hazijibu swali la alipiga kura gani. Usikubali kujibiwa swali la kura kwa jibu la darasa.

Ukishapata kitu, andika hivi: tarehe, kikao ni cha asubuhi ama mchana, jina la mswada, hatua, ukurasa wa Hansadi, na maneno yake ama kura yake. Mistari miwili mitatu tu. Ukituma kwa grupu ya wadi weka na linki ya faili yenyewe, sio skrinshoti peke yake, skrinshoti inaweza kuhaririwa na mtu wa mjumbe atasema ni feki, linki kila mtu anafungua mwenyewe. Na usiongeze chumvi hata kidogo, kama hakuwepo andika hakuwepo, usiandike alituuza.

Ukikosa kitu kwa tovuti, kwa mfano rejista ya mahudhurio, unaandika barua kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, sheria inaruhusu, na hulazimiki kueleza unataka habari hiyo ya nini. Taja kitu chenyewe, "mahudhurio ya mbunge wa eneo fulani kutoka mwezi huu mpaka ule", usiombe "rekodi zote" sababu utazungushwa. Kuomba ni bure, unaweza tu kuambiwa ulipie gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza ama wakikataa bila sababu ya maana, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, na unaambatisha nakala ya barua yako ya kwanza, kwa hivyo usiitume kabla hujapiga picha yake ikiwa na muhuri ama kuhifadhi ile baruapepe uliyotuma.